Muhamadi Kijumwa: Mnukuzi wa Lamu na Safari ya Miswada ya Kiswahili

Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili anapofungua utenzi wa kale, kwa kawaida hutaka kujua mambo mawili: nani aliutunga, na ulitungwa lini. Swali la tatu, yaani nani aliyeiandika karatasi iliyoufikisha utenzi huo hadi kwenye kitabu cha darasani, huulizwa kwa nadra sana. Lau lingeulizwa kila mara, jina la mzee mmoja wa Lamu lingejitokeza mara nyingi kuliko majina ya watunzi wengi wenyewe. Mzee huyo ni Muhamadi bin Abubakari bin Omari al-Bakari, maarufu kwa jina la Kijumwa, au Kijuma kama wanavyomwandika baadhi ya wataalamu. Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana leo kuhusu tendi za kaskazini mwa pwani ya Kenya ilipitia mkononi mwake kabla ya kufika London, Hamburg na Berlin, na hatimaye kurudi nyumbani kwa njia ambayo yeye hangeweza kuiota.

Kijumwa alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855, mji huo ulipokuwa chini ya Masultani wa Zanzibar. Alikuwa na umri wa miaka mitatu hivi Mwana Kupona binti Mshamu alipoutunga utendi wake wa kumuusia bintiye mnamo 1858. Alifariki papo hapo Lamu mwaka 1945, akiwa ameuona utawala wa Masultani ukidhoofika, Waingereza wakishika hatamu, utumwa ukipigwa marufuku mwaka 1907, na nchi ikigeuzwa kuwa koloni la Kenya mwaka 1920. Ni umri wa takriban miaka tisini, na katika umri huo hakukaa mikono mitupu. Alikuwa mshairi, fundi wa kuchonga mbao, mpiga ala za muziki, kiongozi wa ngoma katika mji uliopenda sana mashindano baina ya mitaa yake, na mwandishi wa khati nzuri. Wapo watu wanaojulikana kwa fani moja tu. Kijumwa alizichanganya zote, na huenda jicho la mchongaji ndilo lililoipa khati yake ule unadhifu unaomvutia mtazamaji hata kabla hajasoma neno.

Ili kuielewa kazi yake, yafaa kwanza kuangalia jinsi watu wa pwani walivyohifadhi maandishi kabla ya kuwapo kwa maktaba za umma na idara za nyaraka. Lamu, Pate na Siyu ilikuwa miji ya vyuo, kwa maana ya kale ya neno hilo, yaani vitabu. Tendi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, zikawekwa majumbani katika makasha na visanduku, zikatolewa siku za hafla au za maombolezo na kughaniwa mbele ya watu. Lakini hewa ya pwani haina huruma kwa karatasi. Unyevu wa chumvi huilegeza, wino huila, na mchwa humalizia kilichosalia. Mswada uliotunzwa vyema ungeweza kuishi vizazi viwili vitatu, kisha ukachakaa. Kwa hivyo, kuhifadhi kulikuwa na maana moja tu: kunakili. Kabla ya chuo cha zamani kufa, mtu aliketi akakiandika upya, na pengine akakikosoa palipokuwa na dosari, au akakitia dosari mpya bila kujua. Hakuna aliyeona ajabu nakala mbili za utendi mmoja zikihitilafiana kwa maneno au kwa idadi ya beti, kwani kumbukumbu na karatasi zilisaidiana, moja ikiijaza nyingine pengo.

Udhaifu wa mfumo huo ulidhihirika Kijumwa akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na mitano hivi. Mnamo Oktoba 1890 majeshi ya Uingereza yaliushambulia na kuuteketeza mji wa Witu, makao ya Wanabahani waliohama kutoka Pate. Inasemekana kwamba asili ya Habari za Pate, tarikh ya wafalme wa ukoo huo, ilipotea katika moto ule. Nakala zilizopo leo zimetokana kwa kiasi kikubwa na masimulizi ya Bwana Kitini, mzee wa ukoo uo huo aliyeihifadhi tarikh hiyo kichwani, na watu mbalimbali wakaiandika kutoka kwake kwa nyakati tofauti. Ndiyo maana hazilingani. Tarikh ya dola nzima iliokolewa na kumbukumbu ya mtu mmoja, na asiyeshtushwa na jambo hilo hajaufikiria vyema uhifadhi.

Maisha ya Kijumwa yalibadilika baada ya kuja kwa Bi. Alice Werner. Mwanaisimu huyo Mwingereza alizuru Afrika Mashariki kati ya 1911 na 1913, akafika Lamu, na baadaye akawa profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu katika chuo cha taaluma za nchi za Mashariki mjini London, kile ambacho leo kinajulikana kama SOAS. Werner alitafuta tendi za kale na watu wa kumsomea, na Kijumwa alikuwa na vyote viwili: alizijua tendi na aliwajua wenye vyuo. Mwaka 1913 ndio anaohusishwa nao Utenzi wa Fumo Liyongo, ambao aliutunga mwenyewe kwa kuzikusanya habari za shujaa huyo zilizokuwa zikisimuliwa na kuimbwa pwani kwa karne nyingi. Hapa pana jambo la kuzingatiwa na kila anayeufundisha utenzi huo. Liyongo ni wa kale mno, lakini utenzi wenyewe, katika umbo unaosomwa vyuoni, ulitungwa na mtu wa karne ya ishirini ambaye picha yake ilipigwa na sauti yake ikasikiwa na wageni. Hamu ya mtu wa kando, aliyetaka hadithi yote iwekwe mahali pamoja, inaelekea kuwa ilichangia kuzaliwa kwake. Tangu hapo mnukuzi na mtunzi hawatenganiki kwa urahisi katika kazi ya Kijumwa.

Kutoka kwa Werner, jina la Kijumwa lilimfikia William Hichens, aliyewahi kuwa afisa wa serikali ya kikoloni katika Afrika Mashariki na ambaye, baada ya kurejea Uingereza, aliushughulikia ushairi wa Kiswahili kwa bidii. Wawili hawa waliandikiana barua. Kijumwa alinakili tendi Lamu, akazifunga, na meli ikazichukua hadi Uingereza. Mwaka 1934 Werner na Hichens walichapisha Utendi wa Mwana Kupona pamoja na tafsiri yake, na mwaka 1939 Hichens akachapisha Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Msomaji wa Kenya aliyeikariri Inkishafi shuleni anawiwa na kazi hiyo ya posta, ingawa ni wachache wanaolitambua deni lenyewe.

Kisha akaja Ernst Dammann, Mjerumani aliyekuwa mmisionari Tanga. Yeye na mkewe Ruth walifika Lamu mwaka 1936 na wakafanya kazi na Kijumwa kwa karibu, mzee akiandika, akisoma na kufafanua. Kitabu chake cha tungo za lahaja ya Kiamu, kilichochapishwa Hamburg mwaka 1940, kwa sehemu kubwa kimesimama juu ya mabega ya mzee huyo, ambaye wakati huo alikuwa amepita miaka themanini.

Kazi hii ililipiwa, na hapana haja ya kulionea haya jambo hilo. Kijumwa aliishi kwa ufundi wake, na kalamu ilikuwa chombo cha kazi kama patasi. Hata hivyo malipo yalibadilisha kitu katika mswada wenyewe. Mnukuzi wa zamani alimwandikia jirani aliyeujua utendi kwa kuusikia. Msomaji huyo alihitaji kukumbushwa tu, na alama tatu za irabu za Kiarabu zilimtosha, kwa kuwa alijua pa kutamka i na pa kutamka e, pa u na pa o. Kijumwa alimwandikia msomaji aliye mbali, asiyeijua Lamu, asiyeweza kuuliza. Ikambidi aandike kwa uwazi zaidi, aeleze maneno magumu, na aupambe mwanzo na mwisho wa mswada ili upendeze machoni. Miswada yake ni mizuri kuliko mingi ya wenziwe, na uzuri huo umewadanganya baadhi ya wasomaji wakadhani kwamba hivyo ndivyo vyuo vyote vya Lamu vilivyokuwa.

Pana na tatizo la pili, zito zaidi kwa mhakiki. Kijumwa aliunakili utendi mmoja zaidi ya mara moja, kwa wateja tofauti. Utendi wa Haudaji ni mfano mzuri: Clarissa Vierke, aliyeuhariri na kuuchapisha mwaka 2011, alikabiliwa na nakala kadhaa za mkono wa mtu mmoja ambazo hata hivyo si sawasawa. Nani basi aliyebadilisha? Alisahau, aliboresha, au aliandika kwa kukumbuka badala ya kutazama? Kwa mhariri wa Ulaya aliyezoea kuitafuta nakala asilia moja, hali hii ni fumbo. Kwa mtu wa Lamu aliyelelewa katika desturi ya kughani, kila nakala ilikuwa utendi kamili. Wanaomlaumu Kijumwa kwa kutokuwa mwaminifu humpima kwa mizani ambayo haikuwa yake. Lakini wanaomsifu kana kwamba alikuwa mashine ya kutoa nakala hawamtendei haki pia, kwa sababu wanamnyima ushairi wake.

Ni vyema kumlinganisha na mtangulizi wake wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890. Sikujua alimsaidia mmisionari W. E. Taylor kukusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, na lau si kazi yake Muyaka angebaki jina tu vinywani mwa wazee. Diwani ya Muyaka iliyohaririwa na Hichens ilitoka Johannesburg mwaka 1940, nusu karne baada ya kifo cha Sikujua. Mwalimu huyo hakuishi kukiona kitabu. Kijumwa aliviona baadhi ya vyake, na tofauti hiyo si ndogo kwa mtu aliyetumia macho yake kuandika.

Nyumbani hakupokewa kwa sifa tupu. Muziki na ngoma havikuwapendeza watu wa dini, na ukaribu wake na wageni, wakiwamo wamisionari, ulimtia katika shaka mbele ya baadhi ya watu wa mji wake. Shaka hiyo inaeleweka. Vyuo vilikuwa mali ya nyumba na ukoo, vyenye heshima yake, na huyu alikuwa akivitia katika bahasha na kuvipeleka kwa watu wasio wa dini wala wa lugha. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba mengi ya yaliyobaki majumbani yangeliwa na mchwa ilhali yaliyovuka bahari yangesalimika.

Lakini hata ng'ambo hapakuwa na salama ya uhakika. Mnamo Julai 1943, miaka miwili kabla ya Kijumwa kufariki, mji wa Hamburg ulipigwa mabomu na sehemu kubwa ya maktaba ya chuo kikuu ikateketea. Miswada ya Kiswahili iliyopo Hamburg na ile ya Dammann iliyowekwa katika maktaba ya taifa mjini Berlin imesalia, na Dammann mwenyewe aliichapisha orodha ya hati za Kiafrika nchini Ujerumani mwaka 1993. Karatasi za Werner na Hichens zilitua katika maktaba ya SOAS. Huku nyumbani, J. W. T. Allen alizunguka pwani katika miaka ya 1960 akikusanya miswada na kanda za sauti kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ikatoka mwaka 1970. Mwaka 1973 Abdilatif Abdalla aliuhariri Utenzi wa Fumo Liyongo, nao ukachapishwa papo hapo Dar es Salaam kwa wasomaji wa Kiswahili wenyewe. Mwaka 1983 Mohamed Abou Egl aliandika tasnifu ya uzamifu huko London juu ya maisha na kazi za Kijumwa, na mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakachapisha juzuu nzima ya maandishi yake. Mzee aliyekuwa akitajwa katika dibaji tu akawa mada kamili.

Awamu ya tarakilishi ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika SOAS, kwa ufadhili wa wakfu wa Leverhulme, miswada ya Kiswahili iliorodheshwa upya na orodha hiyo ikawekwa kwenye mtandao. Aliyeshiriki katika kazi hiyo pamoja na Angelica Baschiera ni Sheikh Yahya Ali Omar, mwanazuoni mzaliwa wa Mombasa aliyefariki mwaka 2008. Haikuwa bahati tupu. Karatasi zilizotoka Lamu zilihitaji kusomwa na mtu ambaye lugha yake ilikuwa ndani ya masikio yake, kama Kijumwa alivyokuwa kwa Werner. Baadaye picha za miswada yenyewe zikaanza kupatikana mtandaoni, na mwanafunzi wa Nairobi, Eldoret au Mombasa akaweza kuitazama khati ya Kijumwa bila ya kuomba viza.

Picha hizo huonyesha mengi ambayo kitabu kilichochapwa kwa herufi za Kirumi hakiwezi: pambizo, mapambo, neno lililofutwa na kuandikwa upya. Hazionyeshi uzito wa karatasi wala namna ilivyoshonwa, na si rahisi kwa tarakilishi kutafuta neno ndani ya picha ya khati ya mkono kama hakuna mtu aliyekaa akainukuu kwa herufi. Kazi ya mnukuzi, kwa maneno mengine, haijaisha. Isitoshe, faili lina uhai mfupi kuliko karatasi. Diski laini za miaka ya 1990 hazisomeki tena katika tarakilishi za kawaida, sidii hupoteza data, na programu inayofungua faili leo huenda isiwepo baada ya miaka ishirini. Kwa hiyo wahifadhi hutunza picha katika faili kubwa zisizobanwa, huzihesabu na kuzikagua ili kujua kama kuna chembe iliyoharibika, huziweka mahali zaidi ya pamoja, na huzihamisha kila zana mpya zinapokuja. Mtu wa Lamu wa mwaka 1880 angeielewa kazi hiyo mara moja. Ni kukiandika chuo upya kabla ya kile cha zamani kufa.

Tukio la miaka ya karibuni linaonyesha ugumu wenyewe. Katika miaka ya 2010, miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ambao asili yake ni Habib Swaleh, ilipigwa picha papo hapo Lamu chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Sharti la mpango huo lilikuwa tofauti na biashara ya enzi za Kijumwa: karatasi zenyewe hazitoki nchini, na nakala za picha huachwa kwa wenyewe. Picha zikapatikana bure mtandaoni. Kisha, Oktoba 2023, wahalifu wa mtandaoni waliivamia mifumo ya Maktaba ya Uingereza, na kwa miezi mingi mtafiti aliyezitegemea picha zilizoko kwenye tovuti hiyo hakuweza kuzifungua. Miswada ya Riyadha haikuguswa, kwa kuwa ilikuwa Lamu katika makabati yake. Safari hii kilichokuwa mbali ndicho kilichotoweka, na kilichokuwa nyumbani kikabaki.

Kijumwa hakuwa na kabati la namna hiyo. Nakala zake nzuri kabisa zilikwenda, na huko zilikokwenda zilipangwa kwa majina ya waliozinunua. Kwa miaka mingi mtafiti aliyeitaka khati yake alilazimika kuomba mkusanyiko wa Werner au wa Hichens, kama kwamba wao ndio walioshika kalamu. Orodha ya mtandaoni imelipunguza tatizo hilo, kwani msomaji huweza kuliandika jina la Kijumwa na kupata pamoja karatasi zilizokuwa zimetawanywa chini ya majina ya watu wengine. Zile za Berlin na Hamburg zina orodha zake mbali.